Wagonjwa wa Tabora

Kitanda changu cha bwenini kilikuwa kimehamishwa mara nyingi kiasi kwamba miguu yake ilikuwa imechora njia kwenye sakafu ya saruji. Upepo ulipotoka ziwani nilikisukuma hadi mlangoni. Ulipogeuka na kushuka kutoka milimani, nilikirudisha dirishani. Yasmini, binti wa Ujiji niliyekaa naye chumba kimoja, alidai kwamba siku moja kitanda hicho kingeomba nauli.

“Leo kimelala kituo gani?” aliniuliza asubuhi moja, akijifunga kanga kwenda kuoga.

“Mlangoni.”

“Basi dagaa wametoka wengi. Sina haja ya kwenda sokoni kuuliza. Natazama tu kitanda cha Melania kiko wapi.”

Nilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa ile filimbi nyembamba ambayo bweni zima lilikuwa limeizoea. Yasmini aliacha utani, akaketi nyuma yangu, akanishika mabega mpaka pumzi iliporudi.

Chuo chetu cha ualimu kilijengwa juu ya mlima unaoutazama mwalo wa Katonga, ufuko ambako wavuvi hutua. Katika majuma ya giza, mwezi usipokuwapo angani, vipe vya wavuvi, mitumbwi ya kuvulia dagaa, vilikwenda ziwani na karabai zao na kurudi alfajiri vikiwa vimelemewa. Wanawake waliwamwaga dagaa juu ya mchanga, wakawageuza juani, na walipokauka wakawapepeta. Vumbi lile jepesi lilipanda mlima pamoja na upepo wa mchana na kuingia madarasani. Kwa wenzangu lilikuwa harufu ya chakula; kwangu lilikuwa mkono unaokaza koo. Mwezi ulipojaa, dagaa hawakuzifuata tena taa, vipe vilipumzika, mchanga ukabaki mtupu, nami nikapumua kama mtu mwingine yeyote.

Mmoja wa wanawake wale waliopepeta dagaa alikuwa mama yangu.

Jina lake ni Spesiosa. Tulikimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa mjane kijana, mimi nikiwa mtoto mdogo wa kushikwa mkono. Marehemu Mzee Selestini, fundi wa vipe, alimwoa na kuniandikisha mimi kama bintiye, kisha akanipeleka Simbo kwa dada yake, mbali na ziwa, ambako nilisoma na kukua nikiwa na afya njema. Mama nilimwona wakati wa likizo. Kwa hiyo serikali iliponipangia chuo cha Katonga, mama alishukuru kwa sauti kanisani. Baada ya kunitazama nikiondoka muhula baada ya muhula, sasa angeweza kuinua macho kutoka kwenye dagaa wake na kuliona paa la bweni langu.

Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba tungelazimika kuzungumza kwa mbali. Nilipomtembelea, nilisimama upande ambako upepo unatoka, yeye akasimama upande unakokwenda, na habari zetu zote za nyumbani tukazipaza kama watu walio kwenye mitumbwi miwili. Wanawake wa mwalo walimwita Mama Melania. Wachache waliotoka milima yetu ya zamani walikuwa wamezoea kumwita Mama Irambona, kwa jina la kaka yangu, mtoto wake wa kwanza; lakini kwa jina hilo hakuitika kamwe, nao wakaacha. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba Irambona alikufa kwa homa njiani.

Kufikia muhula wa pili wa mwaka wa themanini na saba, nilikuwa nimekosa vipindi vingi vya mazoezi ya kufundisha. Kanuni haikuwa na kona: asiyetimiza mazoezi anarudishwa nyumbani. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kuomba uhamisho kwa sababu za kiafya, kwenda chuo cha Tabora, kwenye hewa kavu ambako hakuna anayeanika dagaa. Niliutaka ualimu kwa namna ambayo wengine waliiona ya kuchekesha. Niliamini, na ninaamini bado, kwamba mwalimu ndiye mtu wa kwanza anayemwonyesha mtoto kuwa jina lake linaweza kuandikwa na kubaki. Sikuwa tayari kuliacha jambo hilo kwa sababu ya vumbi.

Mkuu wa chuo, Ndugu Wilfred, alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, mwenye sauti ya taratibu iliyofanya hata dhihaka yake isikike kama taarifa.

“Ndugu Melania,” alisema aliposoma ombi langu, “kila mwaka ninapata wagonjwa wa Tabora. Mmoja alikuja na tumbo, mwingine na macho. Nilipochunguza, ugonjwa ulikuwa na masharubu na unafanya kazi reli.”

“Wangu hauna masharubu, Ndugu Mkuu.”

“Tutaona. Unaumwa kila siku?”

“Hapana. Inategemea mwezi.”

Aliweka kalamu chini. Nilitambua papo hapo kwamba nilikuwa nimeanza kueleza jambo kutoka mkiani.

“Mwezi,” alirudia. “Mwalimu mtarajiwa ananiambia kwamba ugonjwa wake unafuata mwezi. Ukifika mbele ya watoto utawafundisha nini, mizimu?”

Nilimweleza habari za vipe, karabai na mchanga. Nilieleza upesi mno, kama mtu anayejitetea kwa kosa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kamati ya afya ingekaa siku ambayo Daktari Dismasi wa hospitali ya mjini angepanda chuoni, na kwamba nije na mzazi wa kueleza historia ya ugonjwa wangu.

Nilipoitazama siku hiyo kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, ilikuwa katikati ya mbalamwezi.

“Yaani,” Yasmini alisema nilipomwambia, “utaitwa ukaumwe siku ambayo wewe ni mzima kuliko Mkuu wa chuo.”

“Nifanye nini?”

“Omba wingu.”

Sikuomba wingu, lakini sikutulia. Kila jioni nilitoka uani kuutazama mwezi unavyonenepa, nikarudi ndani, nikatoka tena. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilikisukuma kitanda dirishani, kikakaa hapo bila sababu ya kuhama, na utulivu wake ukaniudhi.

Siku ya kamati mama alipanda mlima akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Alikuwa amechangamka njiani, akiuliza majina ya majengo. Lakini tulipofika mlangoni alisimama. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na nyuma yake watu watatu: Ndugu Wilfred, Daktari Dismasi, na Bibi Leonia, mlezi wa wasichana. Mama aliitazama ile meza kama mtu anayetazama mbwa ambaye mwenye nyumba ameapa kwamba hang'ati.

“Karibu, mama,” alisema daktari. “Keti karibu na mwanao.”

Alinisikiliza kifua mbele na nyuma kwa chombo chake. Aliniambia nivute pumzi, niishike, niiachie. Hakusikia kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusikia. Niliomba niruhusiwe kueleza, nikaeleza vizuri kuliko mara ya kwanza, nikaona daktari anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeanza kuelewa. Wakati huohuo Bibi Leonia alisimama kufuta ubao uliokuwa nyuma yao. Unga wa chaki ulishuka polepole katika mwanga wa dirisha, nami nikahisi kifua kinawasha. Nilifurahi. Sikuwahi kukifurahia kikohozi maishani, lakini kile nilikifurahia, maana kilikuwa kinakuja mbele ya mashahidi.

Ndipo nilipousikia mkono wa mama mgongoni, katikati ya mabega. Haukupiga wala kusukuma. Ulikaa tu, umefunguka, wa moto. Na kikohozi changu kilishuka. Kilirudi chini chenyewe, kama kitu kinachotii sauti ya zamani, nami nikabaki nimefumba mdomo huku machozi yakinilenga.

“Mama,” daktari aliuliza, “mwanao anaumwa kifua tangu lini?”

“Haumwi,” alisema mama. “Mwanangu ni mzima.”

Nilimgeukia. Hakunitazama.

“Hata kikohozi?”

“Hana kikohozi. Hana homa. Ni mzima kabisa, mzee. Anakula vizuri.”

Ndugu Wilfred hakucheka, na laiti angecheka. “Tunakushukuru, mama,” alisema. “Si wazazi wote wanaokuja hapa kusema kweli.”

Daktari Dismasi alikuwa bado ananitazama usoni, pale machozi yalipokuwa. “Nitapanda tena kabla muhula haujafungwa,” alisema. “Kukiwa na jambo jipya, nitaliangalia. Kwa leo sina ninachoweza kuandika.”

Niliteremka mlima nikiwa mbele, mama nyuma, na sikumsubiri mahali popote. Mwalo ulikuwa kimya. Vipe vilikuwa vimevutwa nchi kavu, nyavu zimetandazwa, na ule mchanga wa kuanikia, uliozoea kumetameta kwa dagaa, ulikuwa wa kijivu na mtupu. Mama alinifikia. Aliinama kwenye eneo lake na kuanza kuokota kokoto, akizitupa pembeni, kama wanawake wote wa pale wanavyofanya kipindi cha mbalamwezi ili dagaa watakaokuja wasichanganyike na mawe. Kwa kuwa hapakuwa na dagaa, niliweza kumsogelea. Nilizunguka, nikaenda majini, nikarudi, nikasimama mbele yake.

“Kwa nini, Mama?”

“Ulitaka niseme nini?”

“Kweli.”

“Kweli niliwahi kuisema,” alijibu, akiendelea kuokota, “mbele ya meza kama ile.”

Kisha akaniambia, kwa Kiswahili kilichokuwa kikikatika na kuingia Kirundi kila alipochoka. Tulikuwa tumevuka kwa mtumbwi, tukiambaa na pwani, watu wengi kupita uwezo wa mtumbwi wenyewe. Askari walikuwa juu vilimani. Mimi nilikuwa nakohoa. Wenye mtumbwi walimwambia amnyamazishe mtoto au ashuke, naye akaniwekea mkono mgongoni na kuninong'oneza nishike, nishike tu, na mimi, mtoto mdogo kiasi kile, nikashika. Tulipotua upande wa Tanzania tulikuta meza imewekwa ufukoni, na nyuma yake watu waliokuwa wamechoka lakini wapole. Waliuliza, nani mgonjwa?

“Nikasema, huyu mkubwa ana homa. Nilisema kwa furaha, mwanangu. Nilidhani tumefika kwa watu wenye dawa. Wakamsimamisha Irambona upande wa kushoto, na wagonjwa wengine. Likaja lori. Wakaniambia, mama, wagonjwa kwanza, wewe utafuata.”

“Ukafuata?”

“Nikafuata. Hospitali wakasema kulikuwa na wengi mno, baadhi wamepandishwa treni kupelekwa Tabora. Nani na nani, hawakujua. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wachache tu, na sisi tulikuwa wengi mno.”

“Na mimi?”

Mama alinyoosha mgongo. “Wewe ulikuwa umeanza tena kukohoa tulipoikaribia meza. Nilikuwa nimekwisha kuona lori linavyoondoka. Nikakuwekea mkono, ukanyamaza. Wakauliza, na huyu? Nikasema, ni mzima. Ndiyo maana uko hapa.”

Nilikaa chini mchangani. Niliwaza mambo mengi kwa pamoja na hakuna hata moja lililotulia: kwamba nilikuwa na kaka asiyekuwa amekufa wala hai, kwamba yale mamlaka niliyofundishwa kuyaheshimu yaliweza kumpoteza mtoto bila mtu yeyote kukusudia ubaya, kwamba hasira niliyokuwa nimeteremka nayo mlimani haikuwa na pa kukaa tena.

“Hukwenda Tabora kumtafuta?”

“Mwanzoni nani angenipa ruhusa? Mkimbizi hakai ila pale alipoandikiwa. Baadaye Mzee Selestini alisema twende, tena kwa mdomo wake mwenyewe, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyekataa.” Alizitazama kokoto zilizokuwa mkononi mwake. “Nisipokwenda, yuko huko. Nikienda nisimkute, atakuwa wapi?”

Niliokota kokoto moja, nikaitupa pembeni.

“Sasa wewe,” aliendelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda, “unakuja kuniambia meza. Unaniambia mgonjwa. Unaniambia Tabora. Yote matatu kwa siku moja, halafu unataka nisaidie kukupandisha treni.”

Wanawake wawili waliokuwa wakishona wavu waliinua vichwa, wakaviinamisha tena kwa heshima.

“Mama, ulinifundisha kushika kikohozi, na nilijifunza vizuri mno. Leo nilitaka kukohoa. Niliomba kikohozi kije, kikaja, ukaniwekea mkono kikarudi. Sikukizuia mimi. Kilizuiwa na mkono wako tu.” Nilishika kifua changu bila kukusudia. “Ninapolala kule bwenini wakati wa giza, hakuna lori wala askari, lakini mwili unashika tu, hadi Yasmini ananitikisa. Ipo siku atachelewa kuamka.”

Mama aliufungua mkono wake, akaacha kokoto zianguke, akautazama ule mkono kiganja na mgongo wake. Nilipanda mlima peke yangu.

Mwezi ulianza kupungua. Nilikosa raha kwa namna mpya: zamani nililiogopa giza, sasa nililisubiri na kuliogopa kwa pamoja. Katika somo la saikolojia nilikaa nikitazama ziwa. Vipe vilirudishwa majini. Karabai zikaonekana tena, msururu wa taa juu ya maji, na baada yake asubuhi za fedha pale mchangani. Kitanda changu kilianza tena safari zake. Yasmini hakutania. Alianza kulala akiwa ameufunga mkono wake kwa kipande cha kanga kilichofika kwenye kitanda changu, nikivute nikizidiwa.

“Usinivute kwa kuota tu,” alinionya. “Ninaota vizuri siku hizi.”

Daktari Dismasi alipanda chuoni mchana mmoja wa upepo, bila kutangazwa mapema, na Bibi Leonia akaja kuniita darasani. Hapakuwa na muda wa kumtuma mtu mwaloni kwa mama, na hata ungekuwapo sijui kama ningethubutu. Niliingia peke yangu kwenye chumba kilekile. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto.

“Haya,” alisema daktari, “tuone jambo jipya.”

Nilikuwa nimezidiwa tangu asubuhi, lakini nilipoketi mbele ya meza ile, jambo la ajabu na la kuchosha likajirudia. Kifua kilijikaza. Filimbi ikanyamaza. Nilikuwa nimevuta pumzi fupi fupi, nikashika, na hapakuwa na mkono wowote mgongoni mwangu.

“Sema basi,” Ndugu Wilfred alihimiza.

Sikuweza kusema wala kukohoa. Nilikuwa mtoto ndani ya mtumbwi.

Ndipo tuliposikia hodi. Mama alikuwa amesimama mlangoni akitweta, na sikumtambua mara moja, kwa sababu hakuwahi kunijia katika hali ile. Siku zote alioga na kubadili nguo kwanza. Sasa alikuwa na kanga yake ya kazi, mikono imejaa magamba yaliyomeremeta hadi viwikoni. Alikuwa ameliona gari la daktari likipanda mlima, akaacha ungo ulipokuwa.

“Karibu ndani, mama,” alisema daktari.

“Siingii, daktari.” Alikuwa bado anapigania pumzi yake. “Nikiingia hivi nilivyo, hataweza kupumua. Niruhusuni nisemee hapa.”

Ndugu Wilfred alikunja uso. “Ulituambia ni mzima.”

“Nilisema. Nilisema uongo, mzee, na nilikuwa na sababu ambayo si yenu. Mwanangu ni mgonjwa.” Alilitoa neno hilo polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo kichwani bila msaidizi. “Anaumwa kifua tangu akiwa mdogo. Kinachomwua ni hiki nilichonacho mikononi. Dagaa wakiwapo anaumwa, mwezi ukiwapo hakuna dagaa. Alivyowaambia ndivyo ilivyo.”

Upepo ulikuwa unapita kwake kabla ya kunifikia. Nilihisi harufu ile, na chini ya harufu nikahisi kikohozi kikiupiga mlango uliofungwa. Nilimtazama mama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe, umefunguka hewani, kama ulivyozoea kuutafuta mgongo wangu. Aliuona. Akaushusha, akaushikilia kwa mkono wa pili.

“Korora,” aliniambia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini sana. “Korora, mwana wanje. Kohoa. Hakuna lori.”

Nikakohoa. Kilitoka kikohozi ambacho sidhani kilikuwa cha siku ile peke yake. Niliinama juu ya meza, filimbi ikajaza chumba, na daktari akawa tayari amezunguka, amenisikiliza, amefungua mkoba wake na kutafuta sindano. Kati ya machozi nilimwona Ndugu Wilfred akisimama na kwenda mwenyewe kufunga madirisha, moja baada ya jingine, kisha akabaki pale ametugeuzia mgongo, akitazama kupitia kioo ile fedha ya dagaa kule chini mchangani.

Nilipoweza kuketi tena, daktari alikuwa anaandika. Mama hakuwa ameondoka mlangoni.

“Atapewa uhamisho?” aliuliza.

“Kwa upande wangu, ndiyo,” alisema daktari, na Ndugu Wilfred akaitikia kwa kichwa.

“Atakwenda na nani?”

“Mwanafunzi husafiri mwenyewe, mama,” alisema Ndugu Wilfred. “Tutampa waranti ya treni. Hatapotea.”

“Hapana,” alisema mama. Hakuwa na ukali, ila ilikuwa wazi kwamba hapo hapakuwa na mjadala. “Nitakwenda naye. Nitaingia naye hadi chumbani, mpaka nikione kitanda atakacholala.”

“Hicho kitanda, mama,” alisema Bibi Leonia, “ukikiona leo, kesho utakikuta mlangoni.”

Mama hakuuelewa utani huo, lakini aliwaona wengine wakitabasamu, akatabasamu pia, mikono yake ya magamba ikiwa bado imeshikana.

Tuliondoka Kigoma kabla ya mbalamwezi iliyofuata. Yasmini alikuja stesheni na kile kipande cha kanga, akakifunga kwenye mpini wa sanduku langu bila kusema ni cha nini. Mama alikuwa amemwachia jirani yake Mwanvua eneo lake la mchanga. Alikuwa amechemsha nguo zake zote, akazianika ndani ya nyumba, akajisugua mikono kwa jiwe na majivu mpaka ikawa myekundu. Aliketi ubavuni pangu, bega kwa bega, na harufu niliyoisikia ilikuwa ya sabuni tu. Tangu nianze chuo hatukuwahi kukaribiana hivyo kipindi cha giza.

Hakulala. Kila treni iliposimama alisimama nayo, akainamia dirishani, akawatazama waliopanda na walioshuka, akaketi, akasimama tena. Nilidhani ni wasiwasi wa safari. Tulipoipita Uvinza alianza kuniuliza kila mara kama tumefika Kaliua, maana alikuwa amesikia sokoni kwamba watu wetu wengi waliopelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu hupandia treni huko.

Tulipofika kulikuwa na jua kali. Walipanda wanawake wenye vikapu vya maharage, na nilipowasikia wakigombania nafasi nilitambua kwamba wanagombana kwa Kirundi. Mmoja wao, mtu mzima, aliketi mbele yetu akajipangusa jasho, akamtazama mama kwa muda, akamwamkia kwa lugha yao. Walizungumza habari za mvua na bei ya maharage. Kisha akauliza swali ambalo kila mwanamke humwuliza mwenzake anapotaka kumjua.

“Na wewe ni mama nani?”

Niliuona mkono wa mama ukishika ukingo wa dirisha. Sikuwa na uhakika ni jibu gani ningetaka kulisikia.

“Mama Irambona,” alisema.

Mwanamke yule alilitafakari jina hilo kwa uungwana, kisha akatikisa kichwa, hakulijua. Mama akaitikia kana kwamba alitegemea hivyo. Lakini treni ilikuwa bado haijaondoka, na chini stesheni kulikuwa na watu wengi: vijana wanaopakia magunia, wanaume waliosimama vivulini, wachuuzi. Akasimama, akatoa kichwa na bega lote nje ya dirisha.

“Mimi ni Mama Irambona,” aliwaambia kwa Kirundi, kwa sauti ile ya mwalo, iliyozoea kushindana na upepo. “Nimetoka Kigoma. Mama Irambona.”

Watu kadhaa waligeuka. Treni ikavuta, ikaanza kwenda, naye akaendelea kulitaja jina hilo kwa kila kundi tulilolipita, hadi nyumba zikaisha na kubaki miti ya miombo peke yake.